Baba alifundisha useremala miaka 31, mbona meza ya kwetu ilikuwa inayumba?

#1 BintiSeremala
Habari wakuu. Naomba mnisaidie kuwaza, maana nyumbani tumegombana.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa useremala. Miaka 31 darasani, na Jumamosi karakana yake ya nyumbani ilikuwa wazi kwa yeyote. Madawati yaliyovunjika, milango ya majirani, magongo ya bibi wa nyumba ya tatu, kitanda cha mtoto wa mtu asiyemjua hata jina, vyote vilipita mikononi mwake. Na kazi ikitoka kwake haichezi. Akimaliza kigoda alikisimamisha juu ya kipande kinene cha kioo, akakigusa pembe moja baada ya nyingine kwa kidole kimoja. Kikilia "tik" hata mara moja, kinarudi kwenye benchi.

Sasa. Meza yetu ya kulia, aliyoitengeneza mwenyewe, imeyumba tangu nianze kuwa na akili zangu. Mguu wa upande wa dirisha ni mfupi. Tumekua tukikunja karatasi mara nne na kuisokomeza chini yake. Ukiweka kiwiko upande huu, kikombe cha aliye upande ule kinamwagika. Mama alilalamika, sisi tukalalamika. Jibu lilikuwa moja: "Nitaiangalia." Hakuiangalia. Amefariki miezi minne iliyopita na meza bado inayumba.

Kaka yangu anataka kukata miguu mitatu ilingane na ule mfupi. Kazi ya nusu saa. Mama amekataa katakata na hasemi kwa nini. Mimi nipo katikati. Mtu asiyevumilia kigoda cha jirani kicheze, aliwezaje kula juu ya meza hiyo maisha yake yote?

#2 Kijiko_cha_Bati
Kinyozi hajinyoi. Mganga hajigangi. Uzi ufungwe.

#3 Maranda
Pole kwa msiba, dada. @Kijiko_cha_Bati wewe kila uzi unataka ufungwe, una duka la makufuli?

#4 Mwl_Mstaafu
Pole sana binti yangu. Nimefundisha somo hilohilo hadi nikastaafu, niseme ambalo wengi hapa hawalijui.

Mwalimu wa hesabu kipindi kikiisha anapangusa chaki. Wa useremala kipindi kikiisha ndipo anaanza kuhesabu. Kwangu kila kifaa kilichorwa umbo lake ukutani kwa rangi, ili pengo lionekane hata ukiwa mlangoni. Patasi moja ikikosekana, hatoki mtu. Halafu unabaki na patasi 12 ambazo wanafunzi 40 wamezigonga kwenye misumari, na kesho asubuhi zote ziwe zinakata, kwa sababu patasi butu ni hatari kuliko kali: butu unaisukuma kwa nguvu, ikiteleza inakwenda na mkono. Kila moja dakika kumi kwenye kinoo ukiwa na bahati. Hesabu mwenyewe.

Ukifika nyumbani, kitu cha mwisho unachotaka kukiona ni mguu wa meza. Mapenzi kwa familia yapo, ila mkono umekwisha.

#5 PembeMraba
Kabla hatujamhukumu marehemu, naomba kuuliza kitu cha kipumbavu. Mna hakika ni mguu? Mbona sakafu haishukiwi?

Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote utakapokiweka, kwa sababu ncha tatu daima hupata uso mmoja bapa wa kukalia. Mguu wa nne ndio unaoleta ugomvi. Meza iliyonyooka kabisa itayumba kwenye sakafu iliyobonyea kidogo tu. Na kuna jambo tamu la hisabati hapa: kama miguu minne inalingana na sakafu haina ngazi wala shimo la ghafla, ukiizungusha meza ya mraba palepale ilipo, kabla hujamaliza robo ya mzunguko utapata mahali inatulia. Limethibitishwa, sijalitunga mimi.

#6 Kijiko_cha_Bati
Kwa hiyo familia nzima imekunja karatasi miongo mitatu, kumbe walitakiwa kuizungusha tu meza 😂

#7 Kinoo
@PembeMraba uko sahihi kwa meza ya mraba. Meza ya kulia kwa kawaida ni mstatili. Hata hiyo wamekuja kuithibitisha baadaye, ila kwa mstatili usiahidi watu robo ya mzunguko. Na katika chumba chenye kabati na viti sita, huo mzunguko utaufanyia wapi?

#8 Randa_Butu
Ngojeni. Mimi nina maelezo mengine, na nayatoa kwa mwalimu wangu mwenyewe.

Mlango wa stoo ya karakana yetu ulikwaruza sakafu mwaka mzima. Kila mtu aliufungua kwa teke. Wiki ya mwisho mwalimu akatuuliza: "Nani kati yenu ameona huu mlango una tatizo?" Wote mikono juu. "Nani ameleta randa?" Kimya. Akatupa maksi za mwaka, akasema zile nyingine tumeziacha mlangoni.

Dada, baba yako alikuwa na watoto wangapi ndani ya nyumba, karakana hatua ishirini, vifaa vyote vimenolewa? Mimi naona "Nitaiangalia" maana yake ilikuwa "Mtaiangalia lini?"

#9 Maranda
Duh, @Randa_Butu, hiyo imenigusa.

#10 Mke_wa_Fundi
Haijanigusa hata kidogo. Nimesoma nikacheka kwa uchungu.

Mume wangu ni fundi na anafundisha vijana. Chumba chetu cha kulala kina pazia badala ya mlango, mwaka wa saba sasa, kwa sababu mlango wenyewe "uko kwenye gundi". Gundi gani inakauka miaka saba? Wakati huohuo mitaa miwili nzima imefunga milango aliyoitengeneza yeye, nusu yake bure. Akipita njiani ni "mwalimu, mwalimu", utadhani kapita waziri.

Mtu akijitolea kwa jamii, zile saa zinatoka mahali. Zinatoka kwa mke na watoto. Halafu kwenye msiba watu wanasimama kusema marehemu alijitoa kwa familia na jamii, wanavitaja kwa pumzi moja kana kwamba vinatoka mfuko mmoja. Havitoki mfuko mmoja. Msimfanye kila mwanamume aliyesahau kazi ya nyumbani kuwa mwanafalsafa.

#11 Mwl_Mstaafu
@Mke_wa_Fundi, sina jibu. Mke wangu amesoma ulichoandika akanisomea kwa sauti mara mbili.

#12 BintiSeremala
Nimerudi. Asanteni wote.

@PembeMraba, tumetoa viti, tumeizungusha meza mimi na kaka. Inayumba kote. Kisha tumepima kwa utepe kutoka chini ya ubao wa juu hadi ncha ya kila mguu: miguu mitatu ina milimita 724, wa dirishani 718. Ni milimita 6. Kwa hiyo sakafu imeachiwa huru.

@Mke_wa_Fundi, umenichoma, na sehemu kubwa ni kweli. Zipo Jumamosi nilizomsubiri mlangoni na viatu nimeshavaa. Ila ngoja nikuambie kitu nilichokumbuka tulipoizungusha. Kiti chake kilikuwa upande uleule wa mguu mfupi, siku zote. Tukiandika kazi za shule usiku alikaa pale na gazeti, goti lake likiwa limebana ubao kwa chini. Meza haikuyumba tulipoandika. Iliyumba akiinuka. Nilikuwa mkubwa kabisa ndipo nikajua kwamba ni goti.

#13 Mke_wa_Fundi
Goti kila usiku miaka yote, wakati nusu saa ya msumeno ingetosha. Wanaume jamani.

#14 Tezo
Milimita 6 ni mti umekauka tu. Mbao zikiwa mbichi unaunda leo, baada ya mwaka zimesinyaa. Alitumia mguu mmoja mbichi kuliko mingine. Rahisi.

#15 Kinoo
@Tezo hapana, na hili ni kosa ambalo watu wanalirudia sana. Mbao husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Kutoka ubichi hadi ukavu kamili, kwa urefu wa nyuzi mti wa kawaida hupungua kama asilimia 0.1 hadi 0.2. Mguu wa 724 ungepoteza milimita moja na ushee hivi, tena ukiwa umetoka kukatwa porini. Kwa upana ndiko kuna kazi: kuzifuata pete za mti unaweza kupoteza asilimia 8 hivi, na kutoka kiini kwenda gamba karibu nusu ya hiyo. Ndiyo maana ubao wa juu wa meza haugongwi misumari kwenye fremu, unaachiwa nafasi ya kutembea. Ila mguu haufupiki milimita 6 kwa kukauka. Huo ulikatwa.

#16 Tezo
Sawa mkuu, nimejifunza. Basi maji. Mguu wa dirishani, mvua inaingia, sakafu inapigwa deki kila siku. Ncha ya mguu inanyonya maji kama mrija, inaoza, mzee akakata sehemu iliyooza akasema ataongeza kipande. Hakuongeza.

#17 Kinoo
Hiyo inawezekana. Na kama ndivyo, naelewa kwa nini hakuongeza kipande upesi: gundi haishiki vizuri kwenye ncha ya mti, inanyonywa ndani ya nyuzi. Inabidi utoboe na kuingiza kijiti cha kushikilia. Kwa milimita 6 kijiti chenyewe hakina pa kukaa. Kazi mbaya. Fundi mzuri angetengeneza mguu mpya.

#18 Mtafiti_wa_Usiku
Nimechelewa kufika ila niongeze historia kidogo. Ufundi wa mbao kuwa somo la kulea mtoto, mbali na somo la kutafuta ajira, ulianzishwa na Otto Salomon wa Finland karne ya 19, unaitwa sloyd. Msingi wake ni kwamba kitu kinachotengenezwa ni cha pili, anayetengenezwa hasa ni mtoto. Mwiko wa kuchanganyia chakula unanyoosha mkono, jicho na subira. Inawezekana baba alikuwa wa imani hiyo, meza haikuwa jambo kwake.

#19 Kinoo
Marekebisho: Salomon alikuwa Mswidi, chuo chake kilikuwa Nääs, Sweden, na walimu walikwenda kusoma pale kutoka nchi nyingi. Wa Finland ni Uno Cygnaeus, aliyemtangulia. Finland ndiyo iliyoingiza kazi za mikono katika shule za msingi kwa sheria, mwaka 1866. Salomon alichota kwake.

Lakini @Mtafiti_wa_Usiku umeacha lililo tamu zaidi kwa uzi huu. Salomon alisisitiza kwamba mwalimu aelekeze na asimamie, ila ajizuie kutia mkono wake kwenye kazi ya mwanafunzi. Ukimshika msumeno umkatie, kazi si yake tena.

#20 Randa_Butu
Subiri subiri. @Kinoo unasema nini? Kwamba ule mguu si kazi ya mzee?

#21 Kinoo
Sijasema kitu. Nimesahihisha Finland.

#22 Tupa_Bapa
Hili la kutogusa kazi ya mwanafunzi ni la kweli, nimeliishi.

Nilikuwa msichana pekee kwenye darasa la useremala, na mfupi. Benchi lilinifika kifuani, nikiranda naranda kwa mabega. Randa inataka benchi la kimo cha kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima, ili uzito wa mwili ndio usukume. Wavulana wakacheka wiki nzima. Mwalimu hakusema neno, wala hakunirandia hata ubao mmoja. Jumatatu nikakuta kichanja chini ya benchi langu, vipande sita vya mbao na vitako viwili, kingo zimepigwa msasa kana kwamba ni kitu cha sebuleni. Nikapanda. Ile siku ndiyo nilitoa maranda marefu ya kwanza, yale yanayojikunja bila kukatika, unayaweka mkononi yana joto.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kisanduku chenye pengo la unene wa kucha pembe moja. Nikamwomba aniondolee aibu. Alikigeuza, akachungulia mwanga unaopita kwenye pengo, akasema "Hili pengo ni lako," akanirudishia. Ninacho hadi leo. Nimetengeneza vingine vizuri, vyote nimegawa.

#23 Maranda
@Tupa_Bapa andika uzi wako dada, tutakuja wote.

#24 Kijiko_cha_Bati
Swali la pembeni kwa mafundi: naweza kugundisha stuli kwa gundi nyeupe ya kawaida au lazima ile ya njano?

#25 PembeMraba
Kwa kitu cha ndani nyeupe inatosha. Kinachoshinda gundi ni viungo kutokaa sawa. Ulimi uwe kama theluthi ya unene wa mbao, uingie kwenye tundu kwa kusukuma kwa mkono, ukihitaji nyundo ni mnene, ukidondoka wenyewe ni mwembamba. Bana kwa klampu, lala, kesho.

#26 Kijiko_cha_Bati
Sina klampu.

#27 PembeMraba
Kamba na kijiti, zungusha mpaka ikaze. Huna kamba pia?

#28 Sikio_la_Pili
Niongeze sababu ambayo hamjaitaja. Masikio. Mjomba wangu alifundisha kwenye karakana yenye mashine ya kuranda. Inapita desibeli 85 kwa mbali, na hiyo 85 ndiyo ngazi ambayo wataalamu wa afya kazini wanasema ukikaa nayo saa nane kila siku unaanza kupoteza usikivu. Vizibo vya masikio alihakikisha wanafunzi wanavaa, yeye akavua vyake ili asikie nani anakata vibaya. Sauti kali nyembamba ndizo zinakwenda kwanza. Huyo mzee wa kioo na "tik", labda ile tik hakuisikia tena.

Na vumbi je? Vumbi la mbao limewekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1995, hasa ya pua na mianzi yake. Watu wanaona ni kitu cha asili hakidhuru. Dada, marehemu aliumwa nini?

#29 BintiSeremala
@Sikio_la_Pili, la mwisho nisamehe, silisemi hapa. La masikio ni kweli, tulipiga kelele kumwita. Ndiyo maana kidole. Miaka ya mwisho hakuinamisha tena sikio kwenye kioo, alifumba macho akakigusa kigoda kwa kidole, tik akaipata kwa ngozi. Kwa hiyo alijua meza inayumba. Alikuwa anakula juu yake.

#30 Msimamizi
Ya gundi na klampu yapelekwe jukwaa la ufundi. Hapa tubaki kwenye meza. Na tusiulizane maradhi ya marehemu.

#31 Kijiko_cha_Bati
Nimekwenda jukwaa la ufundi, hakuna mtu kule, wote mko huku.

#32 BintiSeremala
Jana usiku tumeipindua meza. Miguu juu, blanketi chini. Naandika nilichokiona kama kilivyo.

Ncha za miguu mitatu zimemalizwa kwa namna yake: mkato mraba, halafu kingo zimevunjwa kwa tupa pande zote nne ili zisibanduke ukiikokota. Wa nne haujaguswa na tupa. Ni mkato mtupu wa msumeno wa mkono, na si mkato mmoja. Kuna mfereji wa jaribio la kwanza umeacha kovu pembeni, la pili limepanda juu, la tatu ndilo lililomaliza, nalo limelala. Mstari wenyewe ni wa penseli nene, imelambwa mate. Baba alipiga mistari ya kukatia kwa kisu. Ncha haina uozo hata kidogo, @Tezo. Ni nyeupe na kavu.

Halafu upande wa ndani wa ubao wa fremu, karibu na mguu ule, kuna herufi moja ya penseli: M.

Kwa kina @Randa_Butu: kaka yangu jina lake linaanza na M. Mama pia.

#33 Randa_Butu
Basi imekwisha! Kaka alikata akiwa mtoto, mzee akakataa kugusa kazi ya mwanafunzi wake. Na sasa huyohuyo kaka anataka kukata tena 😂 Mwulize!

#34 BintiSeremala
Nimemwuliza. Ameutazama ule mkato muda mrefu, akaupitishia kidole gumba. Akasema hakumbuki. Kisha akasema msumeno ule wa mpini mwekundu ulikuwa mzito sana. Nikamwambia sijakuuliza msumeno. Akatoka nje.

#35 Mwl_Mstaafu
Msikimbie. Seremala huandika herufi kwenye vipande kabla ya kuunganisha ili asivichanganye. Mimi mwenyewe niliandika M kwa mbele na N kwa nyuma. Angalia ubao wa fremu wa upande wa pili, kama kuna N mjue hiyo M haina jina la mtu.

#36 BintiSeremala
Mwalimu, nimeangalia kwa tochi. Ule upande wa pili ulipigwa vanishi hadi ndani. Kuna kitu kama mstari uliosimama. Inaweza kuwa N, inaweza kuwa alama ya kisu.

#37 Tezo
Au M ya mguu.

#38 Kijiko_cha_Bati
Au M ya mganga hajigangi.

#39 Mke_wa_Fundi
Mnamsahau mwingine mwenye M. Mwanamke aliyelalamika miaka yote hajibiwi, siku moja mume yuko kwa majirani, anachukua msumeno mwenyewe, mguu ulikuwa mrefu anataka kuulinganisha, anakata mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Inakuwa mfupi. Mume anarudi, anaona, anakaa upande ule na goti lake. Hasemi. Na leo mama anakataa usikatwe na hasemi kwa nini.

Nawaza tu.

#40 Tupa_Bapa
@Mke_wa_Fundi sasa umenitoa machozi kazini.

#41 PembeMraba
Ina shimo moja: mleta mada anasema mama alilalamika kuhusu meza. Angelalamikia kazi yake mwenyewe?

#42 Mke_wa_Fundi
Hujaoa wewe.

#43 BintiSeremala
Sijamwuliza mama. Nimeshindwa kuanzia wapi. Nilichomwambia ni kwamba kaka ameahirisha kukata, akaitikia "Haya," akaendelea na shughuli zake.

#44 Maranda
Samahani kwa swali la kitoto. Ile karatasi ya chini ya mguu, ya sasa hivi, aliiweka nani?

#45 BintiSeremala
@Maranda, yeye. Zilikuwa zinachakaa tunabadilisha, lakini kuinama chini ya meza ilikuwa kazi yake. Hatujabadilisha tangu aondoke. Tulipopindua meza niliiokota nikaiweka kabatini bila kuifungua. Ngoja.

#46 BintiSeremala
Nimeifungua. Ni nusu ukurasa wa daftari la mistari, imeshindiliwa hadi imekuwa ngumu kama kadi. Ndani kuna mwandiko wake, kwa penseli iliyochongwa kwa kisu:

mguu 1
msaji
724

Hakuna tarehe. Hakuna kingine.

#47 Randa_Butu
Alitaka muikute ninyi. Mmeikuta.

#48 Mke_wa_Fundi
Alikuwa na orodha ya kazi mkononi na akaigeuza kabari. Hapo ndipo ninapowajua.

#49 Mwl_Mstaafu
Au alikuwa ameanza, akaugua.

#50 Kinoo
Dada, fundi haandiki mti gani kabla hajauona. Angekuwa hajapata mbao angeandika kipimo tu. Ameandika msaji, maana yake kipande kipo. Mbao za kungoja kukauka huwekwa juu, zilale kwenye kenchi, hewa ipite pande zote. Ingieni karakana mtazame juu, kipande kinene cha mraba, kirefu kidogo kuliko 724. Mkikikuta kina mashimo ya ndimi tayari au hakina, tutajua alifika wapi.

#51 BintiSeremala
Karakana imefungwa tangu msiba. Ufunguo anao mama.